Redio nyingi sio wenye redio wengi

Juzi kwa kinyozi hapa Mwanjelwa jamaa kakomaa kwamba wasanii wa Marekani wanaodai sheria ya kubana makampuni ya redio wana wivu tu, eti stesheni ziko kibao, nyimbo zao mbovu. Hapana bwana, hapo ndo watu wanapochanganya. Kabla ya 1996 kule kampuni moja ilikuwa hairuhusiwi kuzidi stesheni 40 nchi nzima, ikaja sheria mpya ya mawasiliano mwaka huohuo ikafuta kikomo hicho, kampuni ya redio ya Clear Channel ikanunua weee mpaka ikapita stesheni 1,200, sasa fikiria ofisi moja huko mbali inapanga ngoma za miji kibao, na mtangazaji anarekodi sauti mji mwingine kabisa halafu anajifanya yupo mtaani kwenu. Wakikukataa hao umekataliwa kote. Don Henley, mwanamuziki wa bendi ya Eagles, ambaye nyimbo zake zinapigwa mpaka kesho, alienda kulalamika Seneti ya bunge la Marekani 2003, sasa huyo naye wivu? Na wanachodai ni kikomo cha umiliki, sio serikali ichague nyimbo. Ni kama viazi pale Uyole, meza kumi zote za tajiri mmoja, zunguka utakavyo, bei ileile.