Shaba na plastiki kwenye Sherman ya 1/35: dhana potofu na ukweli

Sherman M4A1, kifaru cha Marekani cha Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na urefu wa mita 5.84 na upana wa mita 2.62. Kwenye modeli ya 1/35 inabaki sentimita 16.7 kwa 7.5, na kila milimita 1 unayoishika mkononi inasimama badala ya milimita 35 za chuma. Hesabu hiyo ndiyo ya kufanya kabla ya kugusa kisu, kwa sababu makosa mengi ya kuongeza vipande vya shaba vinavyouzwa kwa ajili ya modeli, au vya kujitengenezea, huanzia kwenye unene na umbo. Ustadi wa mikono huja baadaye.

Dhana: Ukinunua bamba la shaba lenye vipande vya modeli, tumia kila kipande kilichomo.

Vipande hivi hutengenezwa kwa kemikali inayotafuna bamba la shaba ya manjano kutoka pande zote mbili. Kinachobaki ni bapa, chenye unene mmoja kote, kwa kawaida milimita 0.15 hadi 0.2. Kwa hiyo shaba inafaa kwa kitu ambacho hata kwenye kifaru kilikuwa bamba: madigadi, vikinga mchanga vya pembeni, vikinga vya taa za mbele, nyavu, mikanda, vibanio vya sepetu na shoka.

Vikinga vya periskopu (vioo vya kuchungulia nje) za Sherman vilikuwa fito za mviringo. Ukiviweka vya shaba bapa, jicho linagundua papo hapo, hata la mtu asiyejua vifaru. Tumia waya wa shaba nyekundu wa milimita 0.3, ambao ukizidisha kwa 35 unapata milimita 10.5. Kata kipande cha plastiki chenye upana wa ndani wa kikinga, ukunje waya kukizunguka, na vikinga vyote vitatoka sawa. Toboa matundu kwa keekee ya mkono ya milimita 0.35, chomeka miguu ya waya, kisha tia gundi kwa ncha ya sindano. Vishikio vya milango hutengenezwa vivyo hivyo. Vile vya shaba bapa viache kwenye bamba vilimotoka bila majuto.

Dhana: Shaba ina unene uleule wa chuma halisi.

Inakaribia tu. Shaba ya 0.15 ni sawa na milimita 5.25, na madigadi ya kifaru yalikuwa membamba zaidi ya hapo. Ila ukilinganisha na plastiki ya kiwandani, tofauti ni kubwa mno: madigadi ya plastiki ya milimita 0.7 yanakuwa chuma cha milimita 24.5, karibu nusu ya deraya (bamba la kinga) ya mbele ya Sherman, iliyokuwa milimita 51. Ndiyo maana modeli isiyoguswa huonekana nzito kwenye kingo.

Zipo njia mbili zisizo na gharama. Ya kwanza ni kukwangua plastiki kwa chini, upande usioonekana, hadi ukingo wenyewe ubaki na milimita 0.2, ndani unene unabaki palepale na hakuna anayeuona. Ya pili ni kopo la soda. Aluminiamu ya ubavuni mwake ina takriban milimita 0.1, yaani 3.5 kwa kipimo cha kweli, na inakubali kubonyea na kupinda kama madigadi yaliyogonga ukuta. Ipige msasa namba 600 pande zote mbili kwanza. Nje ina wino na ndani ina utando, na gundi haishiki kwenye chochote kati ya hivyo.

Dhana: Mstari wa kukunjia hukaa upande wa nje wa kona.

Kwa kawaida hukaa ndani. Mstari huo ni mfereji uliotafunwa nusu ya unene. Ukikunja kuelekea kwenye mfereji, kuta zake zinakutana na kona inakuwa kali. Ukikunja kinyume, mfereji unafunguka, kona inabaki na utando, nao unapasuka. Maelekezo yakionyesha kinyume yafuate, lakini usibahatishe. Kunja mara moja tu. Shaba iliyorudishwa nyuma inazidi kuwa ngumu kwenye mkunjo, na mara ya tatu au ya nne inakatika.

Bana kipande chini ya rula ya chuma, ingiza wembe mpana chini ya sehemu iliyo nje, inua yote kwa pamoja. Kukunja kwa vidole kidogokidogo huacha wimbi.

Kukata pia kuna kanuni yake. Kata juu ya kigae au kioo, kwa wembe wenye tumbo la mviringo, ukibingirisha badala ya kuvuta. Juu ya mkeka laini wa kukatia, wembe unazamisha shaba na kipande kinatoka kimepinda ukingoni. Kibaki kidogo cha kiungo kiondolewe kwa tupa laini, ukisugua kufuata urefu wa ukingo. Ukisugua kwa kukatisha, unakikunja.

Dhana: Pasha shaba yote moto kwanza ili ilainike.

Pasha zile tu zinazotakiwa kuwa na mviringo au mabonyeo. Zishike kwa kibano juu ya moto wa gesi mpaka rangi ibadilike na kukaribia wekundu hafifu, kisha ziache zipoe. Zilizobaki ziache na ugumu wake. Kipande kirefu kilicholainishwa hakinyooki tena vizuri, na kila ukikigusa kinapokea alama.

Dhana: Supagluu inatosha kwa kila kitu.

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hupotelea. Supagluu ikikauka ni ngumu lakini dhaifu kwa kugongwa na kubanduliwa. Kipande kidogo kilicholala juu ya plastiki kitakaa miaka. Ila kikinga cha taa, ambacho ni mikanda miwili inayogusana kwa ncha, kitaachia siku ya kupuliza rangi au ya kufuta vumbi. Viungo vya shaba kwa shaba vinavyobeba uzito wake vyenyewe vinahitaji lehemu.

Lehemu ya 60/40 huyeyuka karibu nyuzi 190 za Selsiasi. Plastiki ya modeli hulainika karibu na nyuzi 100. Kwa hiyo lehemu kipande kikiwa mezani, kamwe si juu ya kifaru. Safisha shaba kwa msasa namba 1000, bana kwenye ubao kwa kibanio cha nguo cha mbao, pakaa dawa ya kulehemu, weka chembe ya risasi ya lehemu isiyozidi milimita 1, kisha gusisha pasi ya kulehemu ya wati 30 hadi 40 kwa sekunde moja au mbili. Risasi ikikimbilia ndani ya kiungo, ondoa. Ikibaki kama tone, basi shaba ni chafu au pasi haijapata moto. Kuongeza risasi hakusaidii. Unapohamia kiungo cha pili kilicho karibu, funika cha kwanza kwa tishu iliyolowa maji kisije kikayeyuka. Mwishoni sugua kwa mswaki na maji ya uvuguvugu yenye bikabonati ya soda. Mabaki ya dawa yenye asidi hugeuka kijani na kuinua rangi baada ya miezi.

Pale panapostahili supagluu, tumia kidogo. Hukaushwa na unyevu, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo. Kwenye hewa nzito ya Dar es Salaam au Mombasa ukungu huo hutokea upesi. Weka kiasi kidogo kwa sindano na uache hewa ipite. Chupa ihifadhiwe kwenye friji ndani ya kopo lililofungwa, na isifunguliwe hadi irudi kwenye joto la chumba, la sivyo umande unaingia na gundi inaganda.

Dhana: Kujitengenezea vipande kunahitaji mashine.

Kunahitaji bamba za plastiki za milimita 0.13, 0.25 na 0.5, na fito chache. Kichwa cha bolti cha milimita 19 ni 0.54 kwenye modeli: kata vipande vyembamba kutoka kwenye fito ya pembe sita, vibandike kwa tone la gundi ya maji ya plastiki.

Dhana: Mishono ya weldingi na uso mkwaruzo hupendezesha kifaru chochote.

Bodi ya juu ya M4A1 ilisubiwa kwa kumiminwa, hivyo kwenye kona zake hakuna mshono. Mishono ni ya M4A3 na wenzake waliounganishwa kwa mabamba. Kwa M4A1, kupata uso mkwaruzo wa chuma kilichomiminwa, pakaa gundi ya plastiki sehemu ndogo, subiri ilainike, gongagonga kwa brashi ngumu, kisha pitisha msasa kwa wepesi. Kwa mshono wa kweli, pasha fito ya fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya modeli juu ya mshumaa, ivute iwe uzi, ibandike, ilainishe kwa gundi na uitie alama kwa wembe. Uso ukionekana kama ganda la chungwa, umezidisha.

Dhana: Kifaru cha makumbusho ni ushahidi tosha.

"Michael" iliyoko Bovington, Uingereza, ni M4A1 ya mwanzo kabisa kutoka kiwanda cha Lima. Inafundisha mengi kuhusu Sherman za mwaka 1942, na inapotosha ukijenga ya 1944. Zana na mikanda ya nje kwenye vifaru vya makumbusho mara nyingi huwekwa upya. Linganisha na picha za wakati wa vita za aina hiyohiyo.

Dhana: Rangi hushika shaba kama inavyoshika plastiki.

Loweka vipande kwenye siki dakika 10, suuza, kausha, na baada ya hapo vishike kwa kibano pekee. Puliza praima ya metali tabaka mbili nyembamba. Tabaka moja nene huziba matundu ya wavu wa injini, na pini haiyazibui bila kuacha alama.