Mtandao wa upumuaji: jinsi ubongo unavyoendesha pumzi

Mtandao wa upumuaji ni vikundi vya seli za neva vilivyomo kwenye shina la ubongo, hasa sehemu iitwayo medula, vinavyoamua lini tuvute pumzi na kwa nguvu kiasi gani. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kuwaza. Moyo una seli zake zinazouanzishia mapigo, mapafu hayana. Amri ya ubongo isipofika, pumzi hukatika.

Mdundo wenyewe huanzia kwenye kikundi kidogo kiitwacho pre-Bötzinger, kilichoelezwa na watafiti mwaka 1991. Kipande chembamba cha medula ya panya mchanga, kikiwekwa kwenye maji maalumu yenye oksijeni, huendelea kutoa mdundo huo ingawa hakina mapafu wala damu.

Kutoka hapo amri hushuka kwenye uti wa mgongo hadi shingoni, usawa wa neva ya 3 hadi ya 5, kisha hupita kwenye neva ya freniki mpaka kwenye kiwambo, yaani msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kiwambo hujikaza na kushuka, kifua hupanuka, hewa huingia. Kuitoa hakuhitaji nguvu mtu anapopumzika: misuli hulegea tu. Kwa kuwa amri hupitia shingoni, aliyekatika uti juu ya usawa huo wa neva huhitaji mashine ya kupumulia.

Wengi hudhani upungufu wa oksijeni ndio unaotusukuma kuvuta hewa. Kwa kawaida msukumo mkubwa ni kaboni dioksidi. Ikizidi, damu na maji yanayozunguka ubongo huongezeka asidi, na seli zilizo upande wa chini wa medula huinusa asidi hiyo na kuhimiza mdundo. Kiwango cha kaboni dioksidi kwenye damu ya ateri (mishipa itoayo damu moyoni) hubaki kati ya 35 na 45 mmHg (milimita za zebaki, kipimo cha shinikizo). Vihisi vya oksijeni viko shingoni, kwenye njiapanda ya mishipa mikubwa iendayo kichwani, navyo hupiga kelele hasa oksijeni inaposhuka chini ya 60 mmHg. Kwa hiyo anayehema harakaharaka kabla ya kupiga mbizi anajihatarisha: amepunguza kaboni dioksidi bila kuongeza oksijeni ya maana, na anaweza kuzimia majini kabla hajasikia hamu ya kupumua.

Gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, linaweza kuingilia, kama tunapoongea au kubana pumzi, lakini kwa muda tu.

Dawa za jamii ya afyuni, zikiwemo mofini, heroini na fentanili, hupunguza kasi ya mdundo na pia hufifisha mwitikio kwa kaboni dioksidi, kwa hiyo mgonjwa hahangaiki hata hewa inapomwishia. Dalili ni pumzi chache mno, mboni za macho kusinyaa sana, na kutoamka anapoitwa. Naloksoni, dawa ya kupinga afyuni, huiondoa dawa hiyo kwenye vipokezi vyake, ila nguvu ya naloksoni huisha baada ya dakika 30 hadi 90. Dawa iliyomlevya ikidumu zaidi ya hapo, pumzi inaweza kukatika tena. Asiachwe peke yake hata akiamka na kuongea.