Amrish Puri hakuwa adui tu

Wapenzi wengi wa picha za Kihindi huamini Amrish Puri alianza sinema ujanani na hakujua kucheza kingine ila adui. Si kweli. Alizaliwa 1932, akafanya kazi ya ofisini miaka mingi katika shirika la bima la serikali huku akiigiza jukwaani. Sinema zilimpokea akikaribia miaka 40. Tuzo ya 1979 ya Sangeet Natak Akademi, taasisi ya taifa ya sanaa za maonyesho India, aliipata kwa tamthilia. Mogambo, adui aliyemcheza katika filamu ya Mr. India (1987), ndiye aliyeyafunika yote hayo.

Mtazame katika Dilwale Dulhania Le Jayenge (1995): baba mkali, treni imeshaanza kuondoka, binti anamsihi, naye anauachia mkono wake amkimbilie mpenzi. Kwangu, hapo ndipo alipoigiza vizuri kuliko kote. Alifariki Mumbai, Januari 2005.