Kwa nini DVD raita ya nje husoma vizuri lakini hugoma kuchoma kwenye Linux?

Unachomeka raita, yaani kifaa cha kuchomea (kuandikia) CD na DVD, kwenye laptopu, unaweka CD ya kwaya, inacheza bila tatizo. Unaweka CD tupu ili utoe nakala za Jumapili, na kabla kazi haijafika nusu raita inakoroma, taa inazima, programu inaleta kosa. Ukiuliza mafundi wa Makoroboi au Kirumba, Mwanza, utaambiwa draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa) ni mbovu. Mara nyingi si draiva.

Raita karibu zote hutii amri za aina moja, na Linux inazijua tayari kupitia sr_mod, moduli (kipande cha Linux yenyewe) inayofanya kazi ya draiva. Ile CD ya draiva iliyomo kwenye boksi ni ya Windows, iache. Andika lsusb kwenye teminali uone vifaa vya USB vilivyochomekwa, kisha ls /dev/sr*. Ukiona /dev/sr0, draiva ipo. Usipoiona lakini lsusb inaiona raita, andika sudo modprobe sr_mod.

Kinachosumbua zaidi ni umeme. Poti ya USB 2.0 imeruhusiwa kutoa miliampia 500, ya USB 3.0 miliampia 900. Raita nyembamba ikianza kuzungusha diski na kuwasha leza kwa nguvu ya kuchoma inaweza kuvuta zaidi ya ampia 1. Kusoma hutumia leza hafifu, ndiyo maana kusoma kunafaulu. Volti ikishuka mno chini ya 5, chipu ya ndani inajizima na kuwaka upya, na diski yako imeshaharibika.

Hili unaweza kulishuhudia. Fungua teminali ya pili, andika sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, kisha anza kuchoma. Ikitokea mistari yenye "reset high-speed USB device" au "USB disconnect" wakati ule ule raita inapokwama, shuku umeme au waya kwanza. Ondoa waya wa kuongezea urefu. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB, au habu (kigawanyo cha poti za USB) yenye adapta yake ya volti 5, ampia 2. Kwenye kompyuta ya mezani, chomeka poti za nyuma, zile zilizo kwenye bodi yenyewe.

Kama dmesg iko kimya lakini kosa linasema "power calibration area error", geukia diski. Kabla ya kuchoma, raita hupima nguvu ya leza inayofaa kwenye eneo dogo la majaribio. Fimwea, yaani programu iliyomo ndani ya raita yenyewe, ina orodha ya diski inazozijua na namna ya kuchoma kila moja. Ikikutana na diski ya bei rahisi isiyomo humo, inakisia. Lenzi yenye vumbi nayo huleta kosa hilo hilo. Badilisha aina ya diski, punguza mwendo kwa wodim, programu ya kuchoma:

wodim dev=/dev/sr0 speed=8 -v faili.iso

Kwa CD, ongeza -dummy upate mazoezi ambayo hayachomi kitu. Kipimo hiki ni kizuri sana: mazoezi yakifaulu na kuchoma kwa kweli kukifeli, waya wa data na programu viko salama, tatizo ni nguvu ya leza, umeme au diski.

"Permission denied" ni jambo dogo, huna ruhusa ya kutumia raita: sudo usermod -aG cdrom $USER, kisha toka na uingie upya. "Device or resource busy" maana yake programu nyingine imeishika. Andika fuser -v /dev/sr0, itakutajia.

Ipo raita moja ambayo fimwea yake kweli ndiyo inayozuia: SuperDrive ya Apple. Ukiichomeka kwenye kompyuta isiyo ya Apple hukataa hata kumeza diski mpaka iamshwe. Weka kifurushi cha sg3-utils, kisha:

sudo sg_raw /dev/sr0 EA 00 00 00 00 00 01

Kusasisha fimwea kuwe hatua ya mwisho kabisa. Programu za kazi hiyo kwa kawaida ni za Windows, na faili liwe la modeli yako hasa, hadi herufi ya mwisho. Betri ya laptopu iwe imejaa, adapta ya habu iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika fimwea ikiwa nusu, raita inaweza isiamke tena.