Kiwango cha uzazi kikishuka, si ugumba

Nimeisikia tena wiki hii: "Kiwango cha uzazi kinashuka, wanawake wa siku hizi wamekuwa wagumba." Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili imedandia tu.

Kiwango cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke angezaa kati ya umri wa miaka 15 na 49, iwapo kila rika lingezaa kama linavyozaa mwaka huu. Basi. Wanaohesabiwa ni watoto waliozaliwa. Hakuna aliyepimwa hospitalini.

Lugha yetu nayo ina lawama. Kitenzi "zaa" kina ukoo mkubwa: mzazi, mazao, uzao, uzazi, kizazi. "Uzazi" ni tendo la kuzaa, ni hali ya kuwa mzazi, tena wanatakwimu wakaufanya idadi. "Kizazi" ndicho balaa zaidi. Ni watu wa rika moja, na pia ni tumbo la mama. Mgonjwa akiambiwa atatolewa kizazi, hawazungumzii wajukuu wake. Sasa mtu akisikia kwamba uzazi unapungua kizazi hadi kizazi, kwa nini asidhani kuna mji wa mimba ulioharibika? Lakini kwa maradhi hayo tuna maneno tayari: utasa na ugumba.

Ugumba upo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana nao maishani, wanaume wakiwemo (ingawa wao huwa hawatajwi). Ila hauwezi kueleza Korea Kusini, iliyotoka watoto 6 hivi kwa mwanamke mwaka 1960 hadi 0.72 mwaka 2023. Miili haibadiliki upesi hivyo. Maisha ndiyo hubadilika: bibi aliolewa mapema, akazaa wengi akijua baadhi watakufa, na waliopona wakawa mikono ya shambani. Binti yake akasoma, akachelewa kuolewa, akapata uzazi wa mpango. Mjukuu anapiga hesabu ya kodi ya nyumba, ada, na kazi itakayomponyoka akikaa na mtoto.

Huyo mjukuu anaweza kuwa na afya njema kuliko bibi yake, akaamua mmoja anatosha. Kwa hiyo, ndugu yangu, sema "wanazaa wachache". "Hawazai" ni habari nyingine, na "hawawezi kuzaa" mwachie daktari.