Multigridi: kulikamata kosa kwa nyavu za macho tofauti

Kompyuta haiwezi kukokotoa hewa inavyopita juu ya bawa la ndege kila mahali, maana "kila mahali" hakuna mwisho. Kwa hiyo nafasi hutandazwa wavu, na katika kila jicho la wavu kasi, mgandamizo na joto huwa namba zinazotafutwa. Milinganyo ya Navier na Stokes, inayoeleza mwendo wa hewa na vimiminika na iliyopata sura yake kati ya 1822 na 1845, hugeuka kuwa rundo la milinganyo midogo inayotegemeana. Mamilioni kadhaa ni kazi ya kawaida tu. Kulitatua rundo hilo ndiko kunakokula muda.

Njia ya kizamani ni kukisia. Unaanza na jibu lolote, unapita kila jicho ukilisahihisha kulingana na majirani zake, kisha unarudia. Mwanahisabati Jacobi ana namna yake ya kufanya hivyo, wenzake Gauss na Seidel wana yao. Duru za kwanza hupendeza: kosa lenye meno, linaloruka juu na chini kati ya jirani na jirani, hufutika upesi. Linalobaki ni kosa lililolala kama mwinuko mpole, na hilo ni sugu. Kila jicho likiwatazama majirani zake linawakuta wamekosea karibu sawa na lenyewe, basi halioni cha kurekebisha. Chukua tatizo jepesi kabisa, joto lililotulia ndani ya ufito uliokatwa vipande 100. Kwa njia ya Jacobi, kulipunguza kosa refu kuliko yote mara kumi huchukua duru 4,700 hivi. Kata vipande 1,000, na duru zinakaribia 470,000.

Ujanja wa multigridi ni kutoshindana na kosa hilo pale linapojificha. Linahamishiwa kwenye wavu wenye macho mapana mara mbili. Mwinuko uliotanda kwenye macho 40 sasa umetanda kwenye 20, kisha 10, kisha 5. Ukifika hapo umekuwa mkali, na ile ile njia ya kizamani inaumaliza kwa duru chache. Sahihisho hupandishwa ngazi kwa ngazi hadi wavu wa mwanzo, ambako duru moja au mbili husafisha vumbi la safari. Katika sura yake ya msingi kinachoshushwa ni kosa, si jibu lenyewe. Wengi wanaoanza hujikwaa hapo. Gharama nayo ni ndogo kuliko unavyodhani: katika pande tatu kila ngazi ina sehemu moja kwa nane ya macho ya ngazi iliyo juu yake, hivyo duru moja kwenye ngazi zote haifikii mara 1.15 ya duru moja kwenye wavu wa mwanzo. Mwanahisabati Fedorenko aliliandika wazo hili Urusi ya Kisovieti mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini ni makala ya Achi Brandt ya 1977 iliyolitia nguvu.

Sasa tuje kwenye njia za daraja la juu, ambazo kosa lake hupungua upesi zaidi macho yanapofanywa madogo. Badala ya namba moja kwa kila jicho, unaweka polinomia nzima, yaani fomula inayochora mkunjo ndani ya jicho. Pale mkondo unapokuwa laini, faida ni kubwa mno: kwa njia ya daraja la pili, ukipunguza upana wa jicho kwa nusu kosa hupungua mara 4, kwa daraja la nane, mara 256. Wanaozisifia njia hizi mara nyingi huishia hapo, na kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya hadithi. Daraja la nane hudai polinomia ya digrii 7, nayo katika pande tatu inahitaji nukta 512 kwa kila jicho. Kwa hewa inayobanika kuna vitu vitano vya kufuatilia (densiti, mwendo katika pande tatu, na nishati), yaani namba 2,560. Jedwali linaloiunganisha kila moja na zote lina namba zaidi ya milioni 6.5, karibu megabaiti 52 kwa jicho moja tu. Macho laki moja yatadai zaidi ya terabaiti tano.

Dawa ni kushusha digrii badala ya kupanua macho. Watafiti Rønquist na Patera walionyesha njia hiyo 1987: wavu unabaki ule ule, polinomia inashuka kutoka 7 hadi 3 hadi 1, na nukta za kila jicho kutoka 512 hadi 64 hadi 8. Chini kabisa ndipo multigridi ya kawaida hupokea. Jedwali lenyewe linaweza lisiandikwe kabisa. Ukikokotoa upande mmoja baada ya mwingine, kuzidisha mara 262,144 (512 kwa 512, kwa kitu kimoja katika jicho moja) kunakuwa 12,288.

Mgandamizo katika maji yasiyobanika hunufaika zaidi na multigridi, kwa sababu badiliko la sehemu moja husikika papo hapo kila mahali, na nyavu pana hulifikisha mbali haraka. Karibu na ukuta mambo huwa magumu. Macho hapo ni membamba kama karatasi, kosa huwa kali upande mmoja na pole upande mwingine, na kusahihisha nukta moja moja hakutoshi. Hurekebishwa mstari mzima kwa pamoja. Kwenye kompyuta zenye maelfu ya prosesa, ngazi ya chini kabisa hubaki na kazi kidogo kuliko idadi ya prosesa zenyewe. Mara nyingi kazi hiyo hukusanywa kwenye prosesa chache, na zilizobaki husubiri.