Mpagazi wa Kenyatta Avenue

Nikiwapeleka wageni kuona sanamu za vita Nairobi, huanzia Kenyatta Avenue, na huwa nachagua Jumapili asubuhi. Siku ya kazi, honi za matatu hazikuachi hata ukasikia unachosema.

Pale wamesimama wanaume watatu wa shaba, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, yuleyule aliyechonga sanamu ya Askari ya Dar es Salaam. Wamekuwa pale tangu 1928. Macho ya wengi hukimbilia bunduki. Mimi huwaomba wamtazame asiye na silaha: mpagazi.

Vita vya 1914 hadi 1918, upande wetu huu, vilibebwa vichwani mwa watu. Mbung'o waliwamaliza wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa za kuhesabu, basi unga na risasi vikapanda juu ya vichwa. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Vinywani mwa watu kikawa Kariakor, na kule Dar, Kariakoo. Nikifika hapo hakosi mtu wa kucheka, kisha ananyamaza. Kumbe miaka yote hiyo amekuwa akienda kununua vyondo Kariakor bila kujua anatamka nini.

Sasa inama usome maandishi. Yako kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Haya, zunguka jiwe lote ulitafute hilo jina. Huoni hata moja.

Kutoka pale ni mwendo mfupi hadi kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau waliopigana na ukoloni wa Mwingereza, kwenye mtaa unaoitwa kwa jina lake. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe katika gereza la Kamiti. Yeye jina analo, na bunduki anayo. Kaburi ndilo halijulikani liliko.

Miguu ikiwa bado ina nguvu, malizia Uhuru Park kwenye mnara wa Mau Mau wa 2015, uliogharamiwa na Uingereza. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani: atakayekamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Usiwapige picha kwa mbele. Simama ubavuni, ndipo utaona shingo zilivyogeuzwa.